Ukungu wa Kijani Chumbani kwa Kondakta

Nyuma ya soko la sufuria, hapa Mit Ghamr, pana kona yenye benchi la saruji ambalo hakuna anayejua nani alilijenga, na sisi tuliolifanya makazi hatujawahi kuuliza, tusije tukaambiwa tuhame. Kulia kwake ni jiko la kahawa la Zaghlul, tunayemwita Robotatu kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kujaza kikombe. Kushoto ni karakana ya Fundi Shalabi, jina la kijiweni Sufuria, mtu mwenye mikono minene kama mapaja, anayefua alumini kuanzia alfajiri, na ikifika saa tatu masikio yake yamekwisha kazi, kwa hiyo huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya Nile. Katikati huketi Haji Mutwalli, tunayemwita Rada, maana ana njiwa sitini juu ya paa na shingo yake imekakamaa kwa kutazama juu. Hata akikusalimia wewe, salamu inapokelewa na mawingu. Mwisho wa benchi ni mimi. Mimi wananiita Mdomo. Ni wivu tu. Na Jumamosi ile asubuhi, wiki ya pili ya mfungo wa Krismasi wa ndugu zetu Wakristo, palikuwa na nafasi moja wazi: ya Wahba Kondakta, Baba Marina, aliyestaafu treni lakini hajaacha kuwaamrisha watu wasogee ndani.

Tukamwona anakuja. Hatembei, anaburuta miguu. Kifuani amekumbatia furushi lililofunikwa taulo, kama mtu anayemkimbiza mtoto hospitali ila ameishiwa mbio.

— Vipi, Baba Marina? nikamwuliza. Treni imekuacha?

Hakucheka. Akakaa, akaliweka furushi katikati ya vikombe vyetu, akavuta taulo.

Ulikuwa mfuko wa nailoni ulioshindiliwa majani makavu ya mpunga. Tulikuwa tunaujua. Wiki iliyopita mfuko ule ulikuwa mweupe kama pamba, nyuzi za uyoga zimetanda kila upande, raha kuutazama. Sasa ubavuni una doa la kijani, pana kama kiganja cha Sufuria, lenye unga unga.

— Sita, akasema Wahba. Sita kati ya ishirini. Nimeamka nimekuta hivi.

Robotatu akainama na birika lake mkononi.

— Hongera basi. Ulipanda uyoga, imeota mboga ya molokhia.

— Zaghlul, nitakumwagia hiyo kahawa.

— Hutapata hasara, nikamwambia, imo kidogo.

Lakini hata mimi niliona hapa si pa mzaha. Mambo yenyewe yalianza siku ya uchumba wa Marina, binti yake wa pekee. Mzee Gaballah, baba wa mchumba, mfanyabiashara wa pamba kutoka Tanta, alikuwa amekaa sebuleni kwa Wahba akilalamika kwamba mfungo unakaribia, siku arobaini na tatu bila nyama, bila jibini, bila siagi, na yeye maharage yamemchosha. Wahba, aliyekuwa ameshiba na kufurahi, hali ambazo mwanamume hapaswi kuwa nazo zote mbili kwa pamoja, akasimama akaapa mbele ya ukoo mzima: "Njooni kwangu Jumatano ya wiki ya tatu ya mfungo, siku ambayo hata samaki haliwi. Nitawalisha kitu kilichoota ndani ya nyumba yangu, na mtaapa mnakula paja la ndama!" Gaballah akacheka mpaka akajishika tumbo. "Utakilima wapi, mtu wa treni? Kwenye mataruma ya reli?" Ukoo wa Tanta ukacheka, shangazi wawili wakafuta machozi, na Marina akatazama zulia.

Jumatano yenyewe ni hii ijayo. Kama hakuna uyoga, mtoto wa watu anaingia ukweni na jina la Bi Mataruma, na jina kama hilo linarithiwa na wajukuu.

— Tusikate tamaa, akanguruma Sufuria. Kwanza tutafute chanzo. Yale majani uliyachemshia kwenye sufuria gani?

— Yako.

Sufuria akajikuna sikio.

— Basi si sufuria. Ni mfuniko. Mfuniko uliutoa wapi?

— Kwako.

— Basi si mfuniko. Tuendelee.

Rada akakohoa, macho yakiwa juu kwenye waya za umeme.

— Nyie mnahangaika bure. Hili ni jicho la husuda. Yule Gaballah mmemtazama usoni? Ana macho ya kijani! Mimi nilimwona siku ya uchumba. Jicho la kijani, ukungu wa kijani. Angekuwa na macho ya bluu, leo tungekuwa tunatazama bluu.

— Haji, nikamwambia, wewe una macho mekundu na unawatazama njiwa kutwa. Mbona hawajaungua?

— Wamezoea.

— Na toka lini wewe ukamwona mtu usoni? akadakia Robotatu. Wewe unajua watu kwa utosi! Sikilizeni niwaambie mimi. Kosa liko kwenye majani. Baba Marina, majani ulichukua shamba la nani?

— La watoto wa marehemu Abu Samra.

— Haya! Robotatu akatua birika kwa kishindo. Wale ndugu wanne wako mahakamani mwaka wa kumi na moja wanagombea lile shamba. Majani yenyewe hayajui ni ya nani. Kitu kisichomjua mwenyewe utakiambia kiote, kimwotee nani?

— Mbona mchele wa shamba lile tunakula? akauliza Sufuria.

— Na tumbo halikuumi?

Sufuria akafikiri.

— Linaniuma.

— Umeona.

Nikaona hadhi ya kijiwe inashuka, nikaingia mwenyewe.

— Jamani, tuseme kisomi. Mbegu za uyoga zimetoka wapi? Kairo. Mtu wa Kairo, amezoea taa na kelele, unamleta huku, unamfungia kwenye mfuko, gizani, hana wa kuzungumza naye, halafu kila akitaka kulala Haji Mutwalli anamchungulia. Hata ningekuwa mimi ningegeuka rangi.

— Mimi simchungulii, akasema Rada. Mimi naenda kusalimia.

— Mara ngapi?

— Kidogo tu. Kila nikitoka kusali.

— Mara tano kwa siku!

— Ijumaa mara sita. Lakini siingii na viatu, Baba Marina, wewe shahidi. Nikitoka kwa njiwa napitia moja kwa moja, najikung'uta mlangoni.

Wahba akamgeukia polepole.

— Unajikung'uta mlangoni pa chumba?

— Ndani kidogo. Nje kuna upepo.

Sasa kila mtu akaanza kutoa ya moyoni. Sufuria akakiri kwamba yeye aliwahi kuubonyeza mfuko mmoja, tena kwa upendo tu, kama unavyombonyeza mtoto shavu.

— Kwa mikono hiyo? nikamwuliza. Maana mikono yenyewe ilikuwa na vumbi la alumini mpaka kwenye viwiko.

— Nina mingine?

— Na mimi, akasema Robotatu akitazama pembeni, nilitoboa kidogo. Ninuse. Mtu wa kahawa lazima anuse.

— Ulitoboa! Wahba akasimama. Ulitoboa na nini?

— Kijiti cha meno. Kisafi, wallahi! Nilikilamba kwanza.

Wahba akaketi tena, akashika kichwa.

— Kosa langu, akasema. Lakini ningefanyaje? Mtu anakuja mlangoni anasema hongera kwa uyoga, nimwambie pita zako? Nyumba yangu haijawahi kumrudisha mtu. Hata msoma mita za umeme alisema hongera, nikamwingiza.

— Alishika?

— Alibusu mmoja.

Palepale tukahama kutoka kwenye chanzo kwenda kwenye dawa, kwa kuwa dawa kila mtu anayo. Robotatu akasema chumvi. Rada akasema klorini, lakini ya kunusa tu, mfuko uisikie harufu uogope. Mimi nikapendekeza tuupige pasi juu ya kitambaa, kwa moto mdogo. Sufuria, ambaye hajawahi kukutana na tatizo asilotaka kulifungua, akasema njia ya kiume ni moja: tunafungua, tunachota kijani chote kwa kijiko, tunafunga, uyoga unaendelea na maisha yake.

— Zaghlul, lete kijiko!

— Cha kahawa?

— Cha kahawa! Sisi tuna cha dhahabu?

Akakata kamba, akauchana mdomo wa mfuko, akazamisha kijiko, akachokonoa. Puu! Likatoka wingu la unga wa kijani, likapanda taratibu, likatanda juu ya benchi, likashuka juu ya vikombe, juu ya masharubu ya Rada, juu ya koti langu la pekee. Tukapiga chafya watano kwa mpigo kama bendi ya shule.

— Samahani, ikasema sauti katikati ya chafya. Namtafuta Fundi Shalabi. Nimekuja kumdunga sindano.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio wa kahawia, mkoba begani. Tulisikia kwamba kuna nesi mpya kahamia mtaa wa pili, anaitwa Inshirah, anazunguka majumbani kudunga watu sindano, lakini kijiweni hajawahi kufika. Tukageuka kumwonyesha Sufuria. Sufuria hayupo. Mtu mwenye uzito wa ng'ombe alikuwa ameyeyuka. Kisha tukaona visigino vyake nyuma ya benchi.

— Hayupo, kikasema kile kisigino.

Sista Inshirah hakumjali. Alikuwa ameshaziba pua kwa ncha ya mtandio, macho yakiwa kwenye mfuko.

— Hicho mnachofungulia juu ya vikombe ni kitu gani?

— Mgonjwa, akasema Wahba.

— Basi kifungeni kwanza. Kazeni. Kitieni ndani ya mfuko mwingine. Haya. Sasa nielezeni, ameanza lini?

Nadhani Wahba hakuwa amewahi kuulizwa kwa upole kiasi hicho tangu mambo yaanze. Akamweleza yote: Jumatano, Tanta, mataruma, alivyochemsha majani saa nzima, alivyoyatandaza yapoe, alivyoyashindilia pamoja na mbegu, mifuko ishirini ndani ya chumba cha mwanawe aliyeko Kuwait, anamwaga maji sakafuni kila asubuhi ili pawe na unyevu.

— Vizuri, akasema Sista. Mpaka hapo umefanya vizuri. Na wiki ya kwanza mifuko ilikuwaje?

— Myeupe! Myeupe mpaka nikatamani kulia. Ndiyo maana siku ya saba tukaifanyia sherehe.

— Sherehe?

Hapo hata kisigino kikainuka. Maana hakuna kati yetu asiyetaka kuisimulia siku ile.

— Siku ya saba yao, Sista! akapiga kelele Sufuria akitokea nyuma ya benchi. Kama desturi yetu kwa mtoto mchanga! Tumwache hivi hivi, kwani yatima?

— Tuliweka mfuko mmoja kwenye ungo, akasema Robotatu, tukautikisa, taratibu. Mama Marina akauruka mara saba.

— Mara tano, akasema Wahba. Goti lilimsumbua.

— Na mimi nikapiga kinu! akasema Rada, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona macho yake yameshuka usawa wa watu. Nikapiga kinu sikioni kwa mfuko: msikilize mama yako, usimsikilize baba yako!

— Tukawasha mishumaa, nikaongeza mimi, watoto wa jirani wakapewa karanga, tukazunguka chumba kizima tunaimba, huku tunarusha chumvi na zile nafaka saba. Ngano, mchele, dengu, maharage, shayiri, mahindi, uwatu. Sista, ungekuwepo! Sufuria alirusha dengu kama anayemlenga mtu.

— Alinilenga mimi, akasema Robotatu.

Tukacheka wote, Wahba naye akacheka, akasahau kidogo. Sista Inshirah naye akacheka, kicheko kizuri, cha mtu anayejua sherehe. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya upole:

— Na hizo nafaka, nani alizifagia?

Jamani. Mimi nimekaa benchi lile miaka ishirini. Nimesikia pale maswali kuhusu mbingu na ardhi, kuhusu serikali, kuhusu iwapo samaki hulala, na sijawahi kuona swali likikosa watu watatu wa kulijibu kwa wakati mmoja. Lile lilikaa pale juu ya vikombe na hakuna aliyeligusa. Rada akarudisha macho kwenye waya. Robotatu akatazama ndani ya birika. Sufuria akatazama mikono yake, pande zote mbili.

— Nilidhani Zaghlul, akasema mwishowe.

— Mimi? Mimi nilikuwa mgeni!

Dirisha la ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya njia, likafunguka kwa kishindo. Alikuwa Estir, mke wa Wahba, mkono kiunoni, na ilionekana amekuwa akisikiliza muda mrefu.

— Muulizeni mwenyewe! Mimi nilishika ufagio usiku uleule. Akanizuia mlangoni, mikono ametanda hivi! Eti Mama Marina, baraka haifagiliwi, iache ikae na watoto!

Wahba akawa anavitazama viatu vyake kama vya mtu mwingine.

— Zimekaa muda gani? akauliza Sista.

— Wiki mbili, akasema Wahba.

— Nafaka, chini ya mifuko. Na unamwaga maji kila asubuhi.

— Kila asubuhi.

— Basi Baba Marina, humo ndani umelima vitu viwili. Uyoga, na ukungu. Na ukungu ndio uliolelewa vizuri zaidi: una chakula, una maji, na kila siku unatembelewa.

Hakusema kwa kukejeli. Lakini Wahba alijiinamia, akasema polepole:

— Kumi na nne iliyobaki nayo imekwisha?

— Ni myeupe?

— Asubuhi ilikuwa myeupe.

— Na hii mitano ya kijani iko wapi sasa hivi?

Tulikuwa tumejadili jicho la Gaballah, mirathi ya Abu Samra na upweke wa watu wa Kairo, kahawa ya pili inakwisha, na wakati wote huo mifuko mitano ya kijani ilikuwa imekaa pale juu, bega kwa bega na ile mizima.

— Wodini mgonjwa wa kuambukiza halazwi katikati ya wazima, akasema Sista Inshirah akikunja mikono ya gauni. Haya, inukeni. Hakuna kufungua mfuko, hakuna kuchota, hakuna kunusa. Yote ya kijani inatiwa kwenye mifuko mingine ikiwa palepale ilipo, inafungwa, inatoka. Kisha sakafu inapanguswa kwa kitambaa chenye klorini. Kitambaa kibichi, si ufagio, ufagio utapeperusha vumbi. Anaingia mtu mmoja au wawili, nguo safi, mdomo umefungwa, mikono imeoshwa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nani anaingia?

Mikono minne ikanyanyuka. Akaikagua kama mwalimu wa zamu.

— Wewe una alumini. Wewe una njiwa. Wewe una kahawa kwenye kucha. Akafika kwangu, akaigeuzageuza mikono yangu. Wewe mikono yako ni misafi.

Nikawatazama wenzangu kwa huruma.

— Lakini utaongea ukiwa ndani, akasema. Kaa nje.

Akaingia yeye na Estir, vitambaa mdomoni, ndoo mkononi. Sisi tukapangwa kwenye ngazi, kila mmoja ameoshwa kwa amri, mikono tumeinua juu kama madaktari wa upasuaji waliofukuzwa. Mlango ukafunguka kidogo, mfuko wa kwanza ukatoka. Sufuria akaupokea, akashuka nao ngazi kwa mwendo wa mazishi. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ulikuwa na doa dogo tu, kama kifungo cha shati, na Wahba akashindwa kujizuia.

— Sista! Huo una doa dogo! Tuukate tu hapo, tuupe nafasi!

— Hapana.

— Huo ndio aliouruka Mama Marina!

— Baba Marina, ikasema sauti ya Estir kutoka ndani, nimeuruka mimi na goti langu, na mimi nasema utoke.

Ukatoka. Wahba akaugusa kwa nje ulipompita. Rada pembeni yangu alikuwa anapangusa pua. Mtu yule njiwa wake huwachinja akawala na wali, lakini mfuko wa majani ulimtoa machozi.

Tulisikia kitambaa kinakamuliwa, maji yanadondoka, Sista anasema sogeza hapo, chini ya kitanda, eh, maharage haya yameota mizizi. Wahba alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani.

— Baba Marina! Estir akaita.

— Nini tena? Wa saba?

— Njoo uone.

— Asiingie! akasema Sista. Aonee mlangoni.

Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha pua. Wahba akaingiza jicho. Sisi tukaingiza vichwa, mmoja juu ya mwingine, mimi chini kabisa na kidevu cha Sufuria kikinikandamiza utosi. Dirishani, kwenye mfuko wa pembeni, pale kwenye tundu lililoachwa uyoga utokee, palikuwa na kitu. Vichwa vidogo, vya kijivujivu, vimebanana kama njiti za kiberiti ndani ya boksi. Estir akanyoosha kidole: na mfuko unaofuata. Na wa kule. Na ule wa ukutani, matundu mawili.

— Vimetoka, akasema Wahba. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma telegramu. Estir, vimetoka.

— Ninaona, mume wangu.

— Yule muuza mbegu wa Kairo alisema vikishatoka vichwa ni siku nne. Leo Jumamosi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne... Jumatano!

Estir akapiga kigelegele kilichopasua ngazi. Robotatu akamkumbatia Wahba, Sufuria akatukumbatia wote na ukuta, na mimi nilikuwa nacheza mahali padogo kuliko ninavyostahili, nilipoona mkono wa Rada unatoka mfukoni. Ulikuwa umejaa mtama wa njiwa. Umeinuka. Umekwenda nyuma, tayari kurusha.

— Haji!!

Watu wanne tulimrukia. Tulimfungua vidole kimoja kimoja.

— Ni furaha tu, akasema Rada. Mkono umekwenda wenyewe.

Sista Inshirah akatoka, akafunga mlango, ufunguo akampa Estir, si mwingine. Akaketi kwenye ngazi, akavua kitambaa, akaletewa kahawa. Marina akarudi kutoka sokoni akatukuta tumejaa nyumbani kwao, tunanuka klorini, baba yake anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alipoambiwa, alimbusu baba yake kwenye upara, akasema, "Nitamkatia mzee Gaballah kipande cha kwanza kwa mkono wangu," na Wahba akasimama wima, kama treni imepewa bendera.

— Watu wangapi wanakuja? akauliza Sista akipuliza kahawa.

— Kumi na mmoja, akasema Wahba kwa majivuno. Na nyie. Na wewe, Sista, lazima. Na Fundi Shalabi hapa akishadungwa.

— Sijamsahau, akasema Sista, na Sufuria akashuka ngazi mbili. Sista akanywa kidogo, akapangusa mdomo, akaendelea: Mimi uyoga sijawahi kuula. Huwa unapikwaje?

Wahba akamgeukia mkewe.

— Mwambie, Mama Marina.

— Nimwambie nini? Mimi nilijua unajua wewe. Si wewe uliyeapa? Mimi kitu hicho nilikiona mara ya kwanza ulipokileta ndani ya mfuko.

— Lakini wewe ndiye mpishi!

— Na wewe ndiye uliyekila!

— Nilikila mara moja! Kule Shubra, Kairo, harusini kwa binamu yangu, na umeme ulikuwa umekatika!

Marina akaketi polepole kwenye ngazi.

Ndani ya chumba mifuko kumi na nne ilikuwa inaota, haijali, kwa haraka yake yote, na Tanta nako ukoo mzima ulikuwa unaendelea kupata njaa.

— Kinachemshwa, akasema Robotatu. Kila kitu kinachemshwa.

— Unaokwa, nikasema mimi.

— Kinajazwa mchele, akasema Rada, macho yakiwa kwenye dari ya ngazi. Kama biringanya.

— Haji, vichwa vya njiti za kiberiti utavijaza mchele kiasi gani?

— Punje moja moja.

Na sote, pamoja na Sista Inshirah, tukaanza kulifikiria jambo hilo kwa makini.